Kifaa kimeungwa, keneli haikioni: kutafuta kasoro kwenye mti wa vifaa

Flashi ya USB ukiichomeka hujitambulisha yenyewe: nani kaitengeneza, ni ya aina gani, inafanya kazi gani. Kadi ya PCI hali kadhalika. Chipu iliyofungwa kwenye basi (nyaya zinazoshirikiwa na chipu kadhaa) la I2C au SPI haiwezi hilo. Hukaa kimya mpaka iitwe, kwa anwani yake kwenye I2C au kwa mstari wake wa kuchagulia kwenye SPI, na hata ikiitika haisemi kama ni saa, kipima joto au kumbukumbu. Kwa hiyo lazima pawe na mahali palipoandikwa kwamba kwenye basi hili, kwa anwani hii, kuna chipu hii. Kwenye bodi nyingi za ARM mahali hapo ni mti wa vifaa: faili la .dts linalokompailiwa kuwa .dtb, ambalo programu dhibiti ya bodi (U-Boot, au ile ya Raspberry Pi yenyewe) hulipakia kwenye RAM na kuikabidhi keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi.

Utaratibu huu ulirithiwa kutoka Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994. Upande wa ARM ulishika kasi baada ya 2011, Linus Torvalds alipolalamika hadharani kuhusu rundo la msimbo lililokuwa likiingia ndani ya keneli kwa ajili ya kila bodi mpya. Maelezo ya bodi yakahamishiwa kwenye mti, na makosa yake yakahamia huko huko.

Ubaya wa makosa hayo ni kwamba mengi hayapigi kelele. Ukikosea herufi moja kwenye jina la chipu, faili litakompailiwa salama, bodi itawaka salama, na keneli itaipita nodi yako (kipande cha mti kinachoeleza kifaa kimoja) bila neno. Ndiyo maana mimi hushika maswali matatu na siruki hata moja. Je, maelezo yamefika kwa keneli? Je, draiva, ile programu ya keneli inayoendesha chipu, imeyatambua? Je, chipu imeitika? Wengi huanza na la tatu, wakang'oa nyaya na kuunga upya, kumbe keneli haijawahi hata kuambiwa kwamba kuna chipu.

Mfano wangu mkuu utakuwa DS3231, chipu ya saa inayopendwa sana na wenye Raspberry Pi zinazofanya kazi mahali ambapo umeme unakatika na intaneti haipo ya kurekebisha muda. Nodi yake ni hii:

```
&i2c1 {
    status = "okay";
    clock-frequency = <100000>;

    rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };
};
```

Kwenye Raspberry Pi huhitaji kuiandika kwa mkono, maana ipo tayari overlei, yaani kipande cha mti kinachoongezwa juu ya .dtb ya msingi: mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` ndani ya config.txt unatosha. Kwenye bodi nyingine utaiandika mwenyewe.

## Hakuna /dev/rtc0, na dmesg iko kimya kabisa

Ukimya wa dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli) ni habari nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu unakwambia uache bisibisi mezani. Draiva ingejaribu chipu ikashindwa, kungekuwa na mstari. Kama hakuna, swali la kwanza ndilo lenye tatizo, au la pili.

Usisome faili ulilohariri. Soma mti ambao keneli inao sasa hivi:

```
cat /proc/device-tree/model
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree 2>/dev/null | less
```

Amri ya kwanza inakuonyesha bodi ambayo keneli inadhani iko juu yake. Ikitaja bodi nyingine, hata ya familia moja, umepakia .dtb isiyo yako. Kwenye U-Boot angalia thamani ya `fdtfile`. Amri ya pili inaugeuza mti mzima kuwa maandishi. Tafuta nodi yenye `maxim,ds3231`.

Haipo? Basi uhariri wako haukufika. Kwenye Raspberry Pi OS sababu inayoongoza ni faili lenyewe: tangu toleo la Bookworm la 2023, config.txt ya kweli iko `/boot/firmware/config.txt`, na lililobaki `/boot/config.txt` ni onyo tu la kukuelekeza kule. Maelekezo mengi ya miaka ya nyuma bado yanataja njia ya zamani. Sababu ya pili ni vichwa vya mabano ya mraba. Ukiongeza mstari wako mwisho wa faili, chini ya `[cm4]`, mstari huo utasomwa na Compute Module 4 pekee. Pi yako itauruka. Weka `[all]` juu yake.

Sababu ya tatu ni jina la overlei lililokosewa. Programu dhibiti ya Pi haikatai kuwaka kwa sababu hiyo. Inaandika lalamiko lake mahali ambapo dmesg haifiki. Ongeza `dtdebug=1` kwenye config.txt, washa upya, kisha:

```
sudo vclog --msg
```

Humo utaona kila overlei iliyopakiwa na kila iliyoshindikana.

Kwenye bodi za U-Boot, kisa cha kawaida ni kwamba mtu amekompaili upya akasahau kunakili .dtb mpya kwenye sehemu ya kuwashia, au kunakili kulikatika katikati. Faili zima la .dtb huanza na baiti nne zisizobadilika, `d00dfeed`. `xxd -l 4` itakuonyesha kama mwanzo uko sawa, na ukilinganisha ukubwa wa faili hizo mbili utajua kama mkia umekatika. Na kama unatumia overlei ikagoma kwamba haijui `i2c1` ni nini, basi .dtb ya msingi ilikompailiwa bila `-@`, hivyo haina nodi ya `__symbols__` ambamo majina hayo hutafutwa.

## Nodi ipo kwenye mti, lakini bado hakuna kitu

Angalia `status`, kwanza ya basi kisha ya nodi yenyewe. Mabasi mengi kwenye faili za msingi huwekwa `disabled` makusudi, yakisubiri mwenye bodi ayawashe. Nodi ya ndani ikiwa sawa huku basi lake limezimwa, nodi hiyo haina maana. Basi lisipoanzishwa hakuna wa kuisoma.

Hapa kuna mtego ambao hauelezwi vya kutosha. Keneli inakubali maneno mawili tu: `okay` na `ok`. Ukiandika `enabled`, neno ambalo mkono huandika wenyewe kwa kuwa kinyume chake ni `disabled`, keneli itahesabu kwamba kifaa kimezimwa. Hakuna onyo.

Usichanganye hali hii na kukosekana kwa `/dev/i2c-1`. Faili hilo huletwa na moduli ya `i2c-dev`, ambayo ni kwa ajili ya programu za kawaida kama i2cdetect. Draiva za keneli haziihitaji. Ukifungua `/sys/bus/i2c/devices` ukaona `i2c-1`, basi lako liko hai. Piga `sudo modprobe i2c-dev` na uendelee.

Sasa tazama ndani ya folda hiyo hiyo. Kila nodi iliyosomwa hupata jina la namba ya basi na anwani: `1-0068`. Ukikuta `1-0044` badala yake, umeandika `reg = <68>`. Bila `0x` mbele, 68 ni ya desimali, nayo kwa heksadesimali ni 0x44. Ile `@68` kwenye jina la nodi haikuokoi, kwani keneli hufuata `reg`. Kikompaili dtc huwa kinatoa onyo pale jina na `reg` visipolingana, ila maonyo ya dtc hupita kwa wingi na watu wamezoea kuyapuuza. Ya nodi yako mwenyewe yasome.

Folda `1-0068` ikiwepo, uliza kama ina kiungo kinachoitwa `driver`:

```
ls -l /sys/bus/i2c/devices/1-0068/
cat /sys/bus/i2c/devices/1-0068/modalias
```

Kisipokuwepo, tumefika swali la pili. Ama hakuna draiva inayotambua `compatible` yako (jina la chipu ndani ya nodi), ama ipo lakini haikukompailiwa kwenye keneli hii. Majina ya draiva yanapoteza watu hapa: hakuna draiva ya `rtc-ds3231`. Chipu hiyo inahudumiwa na `rtc-ds1307`, ambayo inabeba ukoo mzima wa chipu zinazofanana. Hakikisha hivi:

```
modinfo rtc-ds1307 | grep ds3231
```

Usibuni `compatible` kichwani. Kila jina limeandikwa kwenye folda ya `Documentation/devicetree/bindings` ndani ya msimbo wa keneli, pamoja na sifa ambazo ni za lazima. Kwa I2C keneli ina huruma kidogo: ukikosea sehemu ya mtengenezaji, ile iliyo kabla ya mkato, mara nyingi draiva bado hupatikana kwa sehemu ya pili. Nashauri usiitegemee huruma hiyo.

Kuna hali moja zaidi ya ukimya: draiva inasubiri. Nodi ikitaja chanzo cha umeme kwa `vcc-supply`, au intarapti (ishara ya kuiita keneli) kutoka kwa kifaa kingine, na kifaa hicho hakijaanzishwa, draiva hurudishwa foleni kwa kosa la ndani namba -517. Kifaa kinachosubiriwa kisipokuja kamwe, foleni haiishi. Orodha ya wanaosubiri iko hapa:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```

## Draiva imejaribu, imeshindwa

Ukiona `1-0068` kwenye dmesg pamoja na namba hasi, furahi. Mti wako umesomwa na draiva imepatikana. Namba -121 kwenye Raspberry Pi maana yake chipu haikuitika ilipoitwa. Namba -110 ni muda kuisha, na mara nyingi huashiria nyaya zilizoshikwa chini na kitu fulani. Namba -16 ni mgongano: nodi mbili zinadai anwani moja. Wenye kufunga DS3231 pamoja na MPU6050, kihisi cha mwendo, hukutana na mgongano huu sana, kwa kuwa zote mbili huzaliwa na 0x68. Pini ya AD0 ya MPU6050 ikipandishwa juu, yenyewe huhamia 0x69.

Sasa ndipo i2cdetect inapokuwa na maana:

```
sudo i2cdetect -y 1
```

Vistari viwili ni kwamba hakuna aliyeitika. Namba ni kwamba ameitika na hana draiva. `UU` ni kwamba anwani imeshachukuliwa na draiva, hivyo i2cdetect haikuigusa kabisa. Watu huichukulia `UU` kama cheti cha afya, na si hivyo: chomoa chipu sasa, rudia amri, na `UU` itabaki pale pale.

Chipu ikiitika kwenye anwani usiyoitarajia, rudi kwenye maelezo ya mtengenezaji. Baadhi huandika anwani ya biti 8, pamoja na biti ya kusoma au kuandika. DS3231 kwa mtindo huo ni 0xD0. Ukiigawa kwa 2 unapata 0x68, na hiyo ndiyo mti wa vifaa unaitaka. BME280, kihisi cha joto, unyevu na shinikizo la hewa, nayo ni 0x76 au 0x77 kutegemea pini ya SDO imeungwa wapi, na maduka hayaungi kwa namna moja.

Tukiwa kwenye BME280: moduli nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni BMP280, isiyopima unyevu. Mti wako utakuwa sahihi na dmesg italalamika `bad chip id`. Kabla ya kumlaumu mtu, isome chipu yenyewe:

```
sudo i2cget -y 1 0x76 0xd0
```

Jibu 0x60 ni BME280. Jibu 0x58 ni BMP280, na dawa ni kubadili `compatible` kuwa `bosch,bmp280`, au kurudi dukani.

Kama hakuna anayeitika popote, pima volti kwenye SDA na SCL, nyaya mbili za I2C, basi likiwa limetulia. Zote mbili zinatakiwa kuwa karibu na 3.3. Ukikuta karibu 3.8, umeiunga moduli kwenye 5V, na rezista zake (4.7 kΩ kwenye moduli nyingi) zinashindana na zile za 1.8 kΩ zilizo juu ya Pi. Pini za Pi hazikutengenezwa kwa volti hiyo. Isitoshe, ile moduli ya DS3231 ya bei nafuu yenye kishikio cha betri ina njia ya kuchaji betri, na ukiilisha 5V itajaribu kuichaji CR2032, betri ambayo haichajiki. Iunge kwenye 3.3V, inafanya kazi vizuri.

Na hapo mkononi una kipimo kinachotenganisha mti na kila kitu kingine. Ondoa nodi, washa upya, kisha mtambulishe kifaa kwa keneli kwa mkono:

```
echo ds3231 0x68 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device
```

Saa ikitokea, basi nyaya, chipu na draiva vyote ni vizima, na kasoro iko kwenye maandishi yako. Isipotokea, acha kuhariri .dts.

## SPI: kuitika si ushahidi

I2C angalau ina njia ya chipu kusema "nipo". SPI haina. Kusoma waya usioungwa kutakupa 0x00 au 0xFF na basi halitaona tatizo lolote. Kwa hiyo makosa ya mti kwenye SPI yanajitokeza kama data ya ajabu kuliko kama kosa.

Kwanza, `reg` hapa si anwani. Ni namba ya mstari wa kuchagulia chipu. Kwenye Raspberry Pi mistari ya 0 na 1 ina wenyewe tayari, nodi za `spidev0` na `spidev1`. Ukiongeza chipu yako kwenye 0 bila kuizima ile ya kwanza, keneli itasema `chipselect 0 already in use`. Overlei zilizoandikwa vizuri huizima zenyewe. Yako ya mkono lazima ifanye hivyo pia. Na usijaribu kuandika `compatible = "spidev"` kama njia ya mkato: keneli za zamani zilionya, za sasa zinakataa.

Kisa kinachonipa kazi zaidi ni MCP2515, chipu ya CAN, basi la mawasiliano linalotumika kwenye magari. Overlei yake huandikwa hivi:

```
dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=8000000,interrupt=25
```

Mifano mingi inayonakiliwa ina 16000000. Moduli nyingi za bei nafuu zina kristali ya 8 MHz. Draiva haina namna ya kuipima kristali, inaamini ulichoandika. Kwa hiyo kila kitu kitawaka, `can0` itatokea, utaweka 500 kbit/s, na kwenye waya zitatoka 250. Vifaa vingine kwenye basi havitakuelewa, na `ip -details link show can0` itaonyesha `ERROR-PASSIVE` au `BUS-OFF`. Watu hubadilisha nyaya na rezista za ohm 120 siku nzima. Soma maandishi juu ya kile kibati cha kristali: kikisema 8.000, andika 8000000.

Ukiona `MCP251x didn't enter in conf mode after reset`, hiyo ni hadithi nyingine: chipu haijibu kabisa, na sasa nyaya ndizo za kushukiwa.

Ile `interrupt=25` ni namba ya GPIO. Kwenye kichwa cha pini 40, GPIO25 iko pini ya 22, wakati GPIO22 iko pini ya 15; wanaohesabu pini kwa vidole huziunga kinyume. Tazama `/proc/interrupts` huku data ikipita. Hesabu isiposogea, pini si yenyewe. Ikisogea kidogo kisha ikaganda, huenda umeeleza intarapti ya ukingo (thamani 2, kushuka) kwa chipu inayoshikilia mstari chini mpaka ihudumiwe (thamani 8). Na keneli ikiandika `nobody cared`, mara nyingi umeieleza upande usio wake: mstari unaopumzika juu umeandikwa kwamba juu ndiyo wito.

## Kompyuta za x86

Kwenye kompyuta hizi za Intel na AMD kwa kawaida hakuna .dtb, kazi hiyo hufanywa na majedwali ya ACPI (maelezo ya vifaa kutoka programu dhibiti ya kompyuta), na nodi ya I2C huandikwa kwa `I2cSerialBusV2` ndani ya `_CRS`. Maswali matatu hayabadiliki. Chipu ikiwa haina kitambulisho chake cha ACPI, `_HID` huwekwa `PRP0001` na jina la `compatible` likaandikwa ndani ya `_DSD`, ili draiva zile zile za mti wa vifaa zitumike.

## Saa inasoma, lakini imekosea

Hapa mti umeshamaliza kazi yake, usiuguse. dmesg ikisema `rtc-ds1307 1-0068: SET TIME!`, chipu ilikosa umeme wakati fulani na inajua kwamba muda wake hauaminiki. Badilisha betri, weka muda sahihi kwenye mfumo, kisha `sudo hwclock -w`.

Ikiwa imepishana kwa saa 3 kamili na uko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, chipu imeandikiwa muda wa hapa wakati mfumo unautarajia UTC. `timedatectl` ina mstari `RTC in local TZ`. Uache kwenye `no`, kisha uandike muda upya.

Na kama ni Raspberry Pi 5, kumbuka ina saa yake ndani. DS3231 yako inaweza kuwa `/dev/rtc1`, huku `hwclock` ikisoma `rtc0` ambayo haina betri. Soma `/sys/class/rtc/rtc0/name` na `/sys/class/rtc/rtc1/name` ujue ipi ni ipi, kisha mpe hwclock `-f /dev/rtc1`.